Sura ya Saba: Mkate wa Kumega

Mkate huu hauhitaji kisu. Ukitoka motoni unawekwa mezani ukiwa mzima, watu wananawa mikono, na kila mmoja anamega donge lake. Donge likiachana na mwenzake huvuta nyuzi za jibini, na harufu ya kitunguu saumu inawarudisha mezani hata waliokwisha kusema wameshiba. Wageni wengi husifia jibini. Mpishi anajua kwamba kazi kubwa imefanywa na siagi.

Jambo hilo ukilishika, sehemu kubwa ya sura hii utakuwa umeielewa. Unga wa ngano ukikutana na maji hujenga gluteni, utando wa protini unaovutika. Nyuso mbili za unga mbichi zikigusana, utando huo hushikana. Moto ukipanda hadi nyuzijoto 60 au 70 hivi, wanga hunywa maji na kuvimba, protini nazo huganda, na kilichoshikana hakiachani tena mpaka kichanike. Mafuta yakiwa katikati, nyuso hizo hazikutani vizuri. Anayesukuma chapati analijua hili mikononi: chapati ikipakwa mafuta, ikaviringwa na kusukumwa tena, hutoka na tabaka, isipopakwa hutoka kipande kimoja kigumu. Mkate wa kumega umetumia kanuni hiyohiyo, ila umeongezewa hamira na kuzungukwa na moto pande zote.

Ulikotoka

Hungary wana kitu kiitwacho aranygaluska: madonge ya unga wa hamira yanayochovywa kwenye siagi iliyoyeyushwa, yakagaragazwa kwenye sukari na jozi zilizosagwa, kisha yakapangwa chomboni na kuokwa. Wahamiaji wa Hungary, Wayahudi wengi wakiwamo, waliupeleka Marekani, na huko ukaja kujulikana kwa jina la monkey bread, ukipikwa kwa sukari na mdalasini. Katika miaka ya 1980 Nancy Reagan, mke wa Rais Ronald Reagan, aliuandaa Ikulu ya Marekani wakati wa Krismasi, na umaarufu wake ukazidi.

Wamarekani wenye asili ya Italia nao walikuwa na mkate wao wa kupaka siagi na saumu. Mapishi hayo mawili yalipokutana, sukari ilitoka, saumu na jibini vikaingia. Siagi haikuguswa.

Siagi

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kinachoitwa siagi ni majarini ya kopo. Kwa kupaka mkate wa asubuhi hakuna neno, lakini hapa tofauti ina uzito. Siagi ya maziwa ina mafuta zaidi ya asilimia 80, na maji takribani asilimia 16. Majarini ziko za namna nyingi, na baadhi ya zile laini za kupaka zina maji mengi mno. Maji hayatenganishi unga, yanauunganisha. Geuza kopo usome: mafuta yakiwa chini ya asilimia 70, liache kwa ajili ya chai.

Samli inafaa sana, kwa sababu maji yake yamekwisha kukaushwa jikoni. Hutenganisha madonge kuliko hata siagi. Ila ladha yake ni nzito na inaweza kuifunika saumu, kwa hiyo changanya nusu samli na nusu siagi.

Saumu

Punje nzima ya kitunguu saumu haina harufu kali. Ukali huzaliwa pale kisu au kinu kinapovunja chembechembe zake: kimeng'enya kiitwacho alinasi hukutana na kemikali iitwayo alini, na papo hapo hutokea alisini. Wanakemia Chester Cavallito na John Bailey waliitenga alisini mwaka 1944. Kwa mpishi, somo lake ni moja. Moto huua kimeng'enya hicho, kwa hiyo saumu ikipondwa na kutupwa kwenye mafuta ya moto mara moja, sehemu ya nguvu yake haitazaliwa. Ponda, acha dakika kumi, ndipo upike.

Saumu za Mbulu zina punje ndogo na ukali mwingi. Zile kubwa nyeupe kutoka China ni rahisi kumenya, lakini mara nyingi ni za upole zaidi. Kipimo cha punje nane nilichokiweka hapa chini ni cha punje za wastani. Zikiwa ndogo ongeza, na mlaji wako akiwa mtoto punguza.

Tahadhari moja. Siagi iliyochanganywa na saumu mbichi isikae nje ya friji. Saumu iliyozama kwenye mafuta hukosa hewa, na hapo bakteria wa sumu ya botulini wanaweza kuzaliana bila kuonekana wala kunuka. Iliyobaki iweke kwenye friji uitumie ndani ya siku chache, au igandishe.

Jibini

Mozzarella ndiyo inayotoa nyuzi. Huko kusini mwa Italia ilikozaliwa, maziwa yaliyoganda huwekwa kwenye maji ya moto kisha huvutwa na kukunjwa mara nyingi, na protini zake hujipanga upande mmoja. Ikipashwa moto tena inavutika kufuata mpangilio huohuo. Nunua ile ya kipande kikavu. Ile laini inayouzwa ikielea kwenye maji italowesha madonge yako, na umeshaona maji hufanya nini.

Cheddar haina nyuzi ndefu, lakini ladha yake ni kali na chumvi yake inasaidia. Robo ya cheddar kwa robo tatu za mozzarella ni mchanganyiko mzuri. Walioko Goma na Bukavu wana bahati ya jibini ya Masisi, ile ya mviringo inayofanana na gouda. Huyeyuka vizuri na inaweza kushika nafasi ya zote mbili.

Jibini ya kuganda kwa ndimu au siki, ile ya Kihindi ya paneer, haifai hapa. Moto hauiyeyushi, itabaki vidonge vyeupe. Zile za pembetatu zilizofungwa kwa karatasi huyeyuka zikawa uji mzito bila uzi hata mmoja. Na kama unaweza, paruza jibini yako mwenyewe. Inayouzwa ikiwa imeshaparuzwa hunyunyiziwa wanga ili isigandamane kwenye mfuko, na wanga huo huizuia kuungana vizuri inapoyeyuka.

Majani

Yagawe makundi mawili. Rosmari, thaimu na oregano zina majani magumu na mafuta yanayostahimili moto, kwa hiyo hizo huingia kwenye siagi tangu mwanzo. Giligilani, ambayo Wakenya huiita dania, pamoja na parsley na vitunguu majani, hupoteza harufu zikikaa motoni nusu saa. Hizo zihifadhi, uzinyunyize mkate ukishatoka. Kundi lolote unalotumia, lioshe mapema na ulikaushe kwa kitambaa kabla ya kukata.

Vipimo

Kwa sufuria au chombo cha keki chenye upana wa sentimita 25:

- Unga mweupe wa ngano, gramu 500
- Hamira ya chenga ndogo, gramu 7 (vijiko viwili vya chai na robo)
- Sukari, kijiko 1 cha chakula
- Chumvi, kijiko kimoja na nusu cha chai
- Maziwa ya uvuguvugu, mililita 300
- Yai 1
- Siagi laini ya kukandia, gramu 50

Kwa ajili ya katikati na juu:

- Siagi, gramu 120
- Saumu, punje 8
- Rosmari au thaimu iliyokatwakatwa, kijiko 1 cha chai
- Mozzarella gramu 150 na cheddar gramu 50, zikiwa zimeparuzwa
- Giligilani au vitunguu majani, kiganja kimoja
- Chumvi kidogo, kama siagi yako haina

Unga wa chapati na maandazi unatosha. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, soma nyuma ya pakiti na uchukue wenye gramu 10 au zaidi za protini katika kila gramu 100, kwa sababu protini ndiyo inayojenga gluteni.

Kukanda na kuumua

Changanya unga, hamira, sukari na chumvi kwenye beseni. Piga yai ndani ya maziwa, kisha mimina, ukibakiza vijiko viwili vya maziwa kando mpaka uone unga unataka nini. Maziwa yasiunguze kidole. Hamira ni kiumbe hai na hufa joto likivuka nyuzi 55 hivi. Joto linaloipendeza ni karibu na lile la mwili.

Kanda dakika tatu, kisha ingiza siagi laini kidogo kidogo. Hapo unga utateleza, utanata vidoleni, utaonekana umeharibika. Usikimbilie kuongeza unga mkavu. Endelea kuukunja na kuusukuma kwa kitako cha kiganja, na baada ya dakika nane au kumi beseni litakuwa safi na unga utakuwa laini. Kata kipande cha ukubwa wa ndimu, ukivute taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili mpaka kiwe chembamba. Kikipitisha mwanga kabla ya kutoboka, acha kukanda. Kikichanika mapema, rudi kwenye beseni.

Funika na usubiri uongezeke mara mbili. Saa si kipimo kizuri hapa. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, dakika 40 zinaweza kutosha. Njombe au Limuru mwezi Julai, saa mbili si ajabu. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi haraka bado, likirudi polepole na kuacha alama uko tayari.

Siagi ya saumu na kupanga

Wakati unga unaumuka, ponda saumu na uiache dakika kumi. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, tia saumu na rosmari, koroga dakika mbili. Unachotafuta ni harufu kupoa ukali. Rangi ya saumu isibadilike. Saumu ya kahawia ni chungu, na uchungu huo hautoki. Epua, gawa theluthi moja kwenye bakuli dogo kwa ajili ya kumalizia, na iliyobaki iache ipoe hadi uvuguvugu. Ukichovya madonge kwenye siagi ya moto, hamira ya juu itakufa kabla ya kazi.

Toa hewa kwenye unga, ugawe madonge 30 ya gramu 30 hivi. Yaviringe kama ya chapati za watoto na uyafunike kwa kitambaa. Paka chombo mafuta.

Sasa kaa chini, kwa sababu hatua hii haitaki haraka. Koroga siagi ili saumu ipande kutoka chini ya bakuli. Chukua donge, lichovye, ligeuze mpaka ling'ae pande zote, liinue, acha matone ya ziada yadondoke, lilaze chomboni. Linalofuata liwe jirani yake bila kubanana; nafasi ya upana wa kidole inatosha, maana yatavimba na kuijaza. Safu ya kwanza ikimalizika, nyunyiza robo tatu ya jibini, ukiielekeza kwenye mianya na kuikwepesha ukingo wa chombo. Jibini inayogusa chuma huungua na kugandisha mkate.

Safu ya pili ichovye kwenye siagi ya juu ya bakuli, ile safi isiyo na vipande vya saumu. Vipande vilivyo chini hulindwa na madonge ya juu. Vilivyo wazi huungua. Laza madonge haya juu ya mianya ya safu ya kwanza. Siagi iliyobaki bakulini usiimwage yote juu. Ikizidi, itajikusanya chini na kukaanga kitako cha mkate badala ya kuuoka.

Funika, subiri dakika 30 au 40 mpaka madonge yavimbe na kugusana.

Motoni

Kwenye oveni, washa mapema nyuzijoto 180. Oka dakika 20, kisha tazama. Rangi ikikimbia, funika kwa karatasi ya foili. Dakika kumi za mwisho nyunyiza jibini iliyobaki. Jumla ni dakika 30 hadi 35.

Njiti ya kuchomeka, ambayo hutumika kwa keki, hapa itakudanganya kwa sababu jibini hunata juu yake hata mkate ukiwa umeiva. Inua donge la katikati kwa uma na uchungulie ubavuni: liwe na nyuzinyuzi kavu, bila mng'ao wa unga mbichi. Mwenye kipimajoto asubiri nyuzi 90 au zaidi katikati.

Kwa jiko la mkaa, tumia sufuria nzito yenye mfuniko bapa na upalie moto juu. Anza na makaa yaliyokwisha kushika jivu jeupe. Weka machache chini, yaliyosambazwa pembeni, na mengi zaidi juu ya mfuniko. Moto wa chini ukiwa mkubwa, siagi inayoshuka itaunguza kitako wakati katikati bado pabichi. Wengine hutandika mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa na kukalisha chombo cha mkate juu yake. Joto hupanda taratibu na kwa usawa. Njia hiyo inafaa pia kwa jiko la gesi, ingawa huko juu hakutapata rangi nzuri kwa sababu hakuna makaa ya kupalia. Usifunue kabla ya dakika 20, kwa kuwa kila ukifunua joto lote linatoka.

Mkate ukitoka, pasha ile theluthi ya siagi, changanya na giligilani, na uipake juu kwa brashi. Mvuke utaifungua harufu ya majani. Acha dakika kumi kabla ya kula, kwa kuwa jibini ya moto inaunguza kaakaa. Usiache saa nzima, kwa kuwa ikipoa hukakamaa na nyuzi hazipo tena.

Ukikwama

*Madonge hayaachani.* Siagi ilikuwa kidogo, au ilikuwa majarini yenye maji mengi, au madonge yalichovywa upande mmoja tu. Angalia hilo kabla ya kulaumu unga.

*Madonge yanaporomoka yakiguswa.* Siagi ilizidi, au yalipangwa mbalimbali mno. Mafuta yanatakiwa kuwa utando. Madonge yabaki yakiegemeana.

*Katikati pabichi, juu pameungua.* Chombo kilikuwa kirefu na chembamba, au moto ulikuwa mkali. Tumia chombo kipana zaidi, punguza nyuzi 10, ongeza dakika.

*Mkate mzito.* Mara nyingi hamira imezeeka. Ijaribu kabla ya kupoteza unga: kijiko chake kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari kitoe povu ndani ya dakika kumi.

Anayetaka kuula asubuhi anaweza kuyapanga madonge jioni, akafunika chombo na kukiweka kwenye friji mara moja. Baridi huipunguza kasi hamira bila kuiua, na ladha huongezeka. Asubuhi kitoe, kiache kipoteze baridi na madonge yavimbe, kisha oka. Mkate uliobaki upashe kwenye sufuria iliyofunikwa kwa moto mdogo, ukinyunyiza maji kidogo.

Kwa umbo tofauti, sukuma unga uwe shuka la mstatili, paka siagi ya saumu, nyunyiza jibini, kata vipande vya mraba na uvisimamishe mfululizo kwenye makopo mawili ya mkate. Utamega kurasa badala ya madonge. Vipimo havibadiliki.

Gharama nazo tuziseme. Kwenye orodha ile, jibini na siagi ndivyo vinavyouma mfuko. Ukilazimika kupunguza, anza na jibini: gramu 100 zinatosha kuonekana, na hata usipoweka kabisa, mkate wa saumu na majani ni mwenza mzuri wa supu ya ng'ombe au mchuzi wa maharage. Siagi iwe ya mwisho kuguswa. Ukiiondoa utabaki na boflo la kawaida, na hilo dukani linauzwa kwa bei ndogo kuliko kazi yote hii.